Wagonjwa wa Kushoto

Kila asubuhi tulitoka chumba kimoja, tukafunga mlango mmoja, tukashuka na mtaa ule ule hadi kwenye kona yenye duka la dawa. Hapo mtoto wa mdogo wangu alisimama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, kisha akaniambia bila kuniangalia, "Mama mkubwa, tangulia."

Nikatangulia. Nikazunguka nyuma ya jengo, kwenye mlango wa mapipa ya taka, nikapanda ngazi za chuma hadi jiko la chai. Yeye aliingia kwa mbele, kwenye vioo, akamwonyesha mlinzi kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya buluu, akapanda lifti. Tukikutana juu, mimi na kitoroli cha vikombe, yeye na kompyuta ameikumbatia kifuani, alinisalimia kama walivyonisalimia wengine wote: "Habari za leo, mama." Mama tu. Ule ukubwa aliuacha kwenye kona.

Nyumbani tunamwita Ticha. Jina hilo nilimpa mimi. Alipokuwa mdogo aliletwa kwangu kila likizo, kwa sababu mama yake alikuwa na kazi nyingi na mimi nilikuwa sina watoto, kwa hiyo ilionekana sina shughuli. Mchana alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika mwiko, akanifundisha herufi kwa mkaa ukutani. Alikuwa mkali. Nikitaja neno kwa kubahatisha alinigonga goti na mwiko na kusema, "Soma, mama mkubwa. Usikisie." Hivi ninavyoweza kuandika leo, ni kwa ule mwiko.

Mimi shule sikukaa. Mama yetu alipougua, ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani. Nilibaki mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Mdogo wangu alisoma mpaka akachoka mwenyewe. Akaolewa na mtu wa ofisi, wakahamia mji mwingine. Siku ya harusi yake nilisimamia masufuria. Picha kubwa iliyo sebuleni kwake ina ndugu wote, hata jirani aliyeleta viti yumo. Mimi simo. Wakati inapigwa nilikuwa nyuma napakua, na hakuna aliyesema tumsubiri.

Nasema haya ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku Ticha alipofika na mabegi yake mawili, amekuwa mrefu, amevaa miwani, akaniambia chuo kimempeleka kujifunza kazi kwenye kampuni ya ushauri. Kampuni yenyewe ni ile niliyokuwa napikia chai.

"Ile ya vioo?" nikamuuliza.

"Hiyo hiyo. Mama mkubwa, nisikilize kwanza. Nikimaliza muda wangu pale, mhadhiri atakuja kunikagua anipe maksi. Bila zile maksi simalizi na wenzangu. Mama ameshashona nguo ya mahafali."

"Hongera. Sasa mbona unaniambia kama unayeniomba radhi?"

Akakaa kwenye kitanda changu, ambacho kuanzia siku hiyo kilikuwa chake. "Usinielewe vibaya. Pale watu wanaangalia unatoka wapi."

"Unatoka kwangu."

"Ndiyo maana," akasema, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na chumba changu ni kidogo, hakina pa kulificha.

Basi tukakubaliana kutojuana. Au niseme alikubali yeye, mimi nikatandika godoro chini.

Kampuni ile inauza ushauri. Mwanzoni nilidhani wananitania. Mimi nimeshauri watu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi hata kunishukuru. Lakini ndivyo ilivyo: mwenye kiwanda au mwenye duka kubwa akiona mambo hayaendi, anawaita hawa vijana wa mashati ya kubana, wanakwenda kumtazama, wanarudi, wanachapa kijitabu chenye picha za mishale, wanamwonyesha ukutani kwa mwanga wa mashine. Analipa, anakunywa chai yangu, anaondoka.

Kiongozi wao ni kijana ambaye hajaota hata mvi moja, lakini dereva wa kampuni alimbatiza Mzee wa Slaidi, maana huwezi kumsalimia bila yeye kukuonyesha mshale. Dereva huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa anakaa jikoni kwangu. Ananiita shemeji bila sababu yoyote.

"Shemeji, chai ya leo imeshauriwa na nani? Haina sukari."

"Sukari imepunguzwa na mabosi wako."

"Basi nitakunywa mshale."

Ticha walimweka kwenye kimeza kando ya mashine ya kutoa nakala. Hakupewa kazi. Siku nzima aliletewa karatasi azipitishe kwenye mashine, na walipomhitaji walimwita "wewe wa mashine". Wiki zikapita hivyo. Kuna siku Mzee wa Slaidi alimtuma kwenda kutafuta waya, akautafuta jengo zima, aliporudi akakuta bosi ameshapata waya mwingine na yeye amesahaulika kabisa, amesimama mlangoni na waya mkononi kama mtu aliyeleta mzigo usio na mwenyewe. Nilipita na kitoroli. Alinitazama nikamtazama, kila mmoja akaendelea na yake.

Jioni hiyo mama yake akapiga simu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia nakunja nguo.

"Leo nilikuwa kikaoni na wakurugenzi, mama," Ticha akasema. "Nimetoa wazo wamelipenda. Ndiyo. Wanasema huenda wakanichukua moja kwa moja. Mama mkubwa? Yupo, mzima. Hapana, kazini hatuonani sana, idara zetu ni tofauti."

Nikakunja shuka ile ile mara ya pili. Nilisikia aibu, na sikujua ni ya nani. Yeye ndiye aliyedanganya, lakini mimi ndiye niliyeona haya kutoka nyuma ya pazia.

Kisha ikaja kazi ya hospitali.

Nilikuwepo. Ticha alikuja jikoni kujaza chupa yake maji, na Mzee wa Slaidi akamfuata huko huko, simu sikioni, akaiondoa kidogo kuongea naye. Mimi nilikuwa naosha chujio. Mbele ya mtu kama yule, mimi na sinki ni kitu kimoja.

"Ile taarifa ya kiwanda cha viatu unayo?"

"Ninayo, kaka."

"Ifungue. Penye kiwanda weka hospitali. Penye viatu weka wagonjwa. Mengine ni yale yale: ghala, foleni, upotevu. Kesho asubuhi wanakuja, nataka vijitabu viwe mezani."

"Niisome yote kwanza?"

"Usome nini? Ilishasomwa na waliolipa." Akarudisha simu sikioni, akaondoka.

Ticha alitabasamu peke yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye maana, na alitoka jikoni akitembea kama sakafu imetandikwa sufi. Kompyuta ilimbadilishia maneno yote kwa mpigo mmoja, baadaye alinieleza. Akapita sentensi moja moja kuziweka sawa zisikwaruze, kama anayepanga meno ya kitana, bila kusimama kuuliza zinasema nini. Jioni hakuisoma tena. Alipiga pasi blauzi yake, akaitundika, akaishusha, akaipiga tena.

Asubuhi wakaja watu wa hospitali: mganga mkuu, mhasibu, na muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira. Nilipanga vikombe. Ticha alikalishwa pembeni ya ukuta, blauzi imenyooka, daftari magotini, na kwa mara ya kwanza alionekana kama yule msichana wa kwenye simu na mama yake. Mzee wa Slaidi akaanza mishale yake. Wageni wakawa wanafunua vijitabu.

Nilikuwa nammiminia chai muuguzi mkuu aliponyanyua kidole kuomba nafasi.

"Samahani, mwanangu. Hapa pananichanganya. Ngoja niwasomee." Akafuata mistari kwa kidole. "'Wagonjwa wa kushoto wamehifadhiwa mbali na wagonjwa wa kulia, jambo linalochelewesha kuwapata wakiwa jozi.'"

Mhasibu wa hospitali akacheka puani, akajizuia.

"Kuna hapa pia. 'Wagonjwa wenye gundi hafifu watengwe mapema.' Haya. Na hapa: 'Wagonjwa waliokaa ghalani zaidi ya msimu mmoja wauzwe kwa bei ya chini ili kupisha wapya.'"

Hakuna aliyecheka hiyo ya mwisho. Mganga mkuu alifunga kijitabu chake, akakiweka mezani taratibu.

"Ninao waliokaa muda mrefu," akasema muuguzi mkuu, sauti ile ile ya chini. "Kuna mmoja nimemwacha asubuhi hii, hana ndugu anayekuja kumwona. Nikirudi nimwambie anauzwa bei gani?"

Mzee wa Slaidi alikuwa amekauka, lakini ulimi wake haukukauka. "Tunaomba radhi sana. Kazi hii alikabidhiwa mwanafunzi, yupo kwetu kujifunza. Ni yule pale." Akamwonyesha kwa kalamu.

Watu wote wakageuka. Ticha akasimama. Daftari likaanguka, hakuliokota.

"Ni wewe uliyeandika?" muuguzi mkuu akamuuliza.

"Ni mimi."

"Uliisoma?"

Macho yake yalizunguka chumba, yakapita kwa wenye mashati ya kubana ambao kila mmoja alikuwa ameshapata cha kutazama mezani, yakafika kwangu. Wiki zote zile aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya watu wengine. Sasa aliniangalia kama alivyoniangalia utotoni, siku alipokojoa kitandani kwangu na mama yake yuko mlangoni amekuja kumchukua.

Mimi nikaangalia vikombe.

Nilikuwa nimesikia maagizo kwa masikio yangu. Lakini aliyeshika chupa ya chai anaongea nini pale? Na angeongea kwa jina gani? Ndani ya jengo lile mimi sikuwa na ndugu. Tulishakubaliana.

Watu wa hospitali waliondoka na chai yao haijanywewa. Ticha hakufukuzwa, kwa kuwa kumfukuza kungetaka barua kwa chuo. Walimwondoa tu kwenye kimeza. "Msaidie mama wa chai mpaka mhadhiri wako aje," Mzee wa Slaidi alimwambia mbele ya watu. Hivyo akaja kwangu na kitambulisho chake shingoni, nikampa aproni yangu ya akiba, akaosha vikombe.

Ofisi nzima ilishapata wimbo. Ukiuliza stepla iko wapi, unaambiwa imewekwa na wagonjwa wa kushoto. Dereva, ambaye si mtu mbaya ila mdomo wake hauna breki, alimwita Daktari wa Viatu.

"Daktari, kikombe changu hiki kimekaa msimu zaidi ya mmoja. Nikiuze?"

Ticha alicheka pamoja naye, kicheko cha kutoa meno tu, kisha akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Wakiwepo watu aliniita mama. Tukibaki wawili hakuniita kitu. Kuna mara neno lilinifika hadi kwenye meno: soma, usikisie. Nililimeza. Nisijisifu kuwa nilimhurumia. Nilitaka alikumbuke mwenyewe, limuume bila mimi kumgusa.

Nyumbani hakulala kitandani tena. Alishusha mto wake, akalala kwenye godoro la chini, nami nikarudi kitandani bila kumkatalia.

Mhadhiri alikuja siku ya mvua, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa mwembamba, mpole wa sura. Alijifungia na Mzee wa Slaidi kwenye chumba cha vikao, na mimi nilipopeleka chai nikakuta kijitabu cha hospitali kiko wazi mezani, mhadhiri ameshika paji la uso.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

Wakamleta mhadhiri jikoni. Ticha alikuwa amekunja mikono ya blauzi, povu hadi kwenye viwiko. Alipomwona mwalimu wake akaanza kuvua aproni, fundo likakataa, akaiacha.

"Hii ndiyo meza yako?" mhadhiri akamuuliza.

"Ni kwa muda tu, mwalimu," akajibu Mzee wa Slaidi.

"Namuuliza yeye. Nieleze ilivyokuwa."

Ticha akakausha mikono polepole. "Niliambiwa nichukue taarifa ya zamani nibadilishe majina. Basi. Niliuliza kama niisome nikaambiwa haina haja."

"Uliambiwa na nani?"

"Na yeye."

Mzee wa Slaidi akacheka. "Mimi? Nilikwambia wapi maneno hayo?"

"Hapa hapa jikoni. Nilikuja kujaza maji."

"Na nani alisikia?"

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Nilijua anakwenda kusema nini kabla hajasema, na nilitamani asiseme, na nilitamani aseme.

"Mama mkubwa alisikia," akasema Ticha.

"Mama mkubwa yupi?"

Akaninyooshea kidevu. Kwenye jengo lile, kati ya siku zote alizoweza kunitambua, alinitambua siku aliyohitaji shahidi.

Dereva, aliyekuwa amekaa kwenye kreti la soda, akashusha kikombe. Mzee wa Slaidi alinitazama, akamtazama Ticha, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Huyu ni ndugu yako?"

"Ni dada wa mama yangu. Naishi kwake."

"Muda wote huu mko ndugu humu ndani na hakuna aliyesema? Mnapishana mlangoni mnasalimiana kama wageni?" Akamgeukia mhadhiri. "Mwalimu, umeona mwenyewe. Shahidi anatoka nyumbani kwake."

"Mama, ulisikia?" mhadhiri akaniuliza.

"Nilisikia. Alisema penye viatu weka wagonjwa. Alisema usome nini."

Ni kweli tupu, lakini ilitoka kinywani mwangu kama kitu cha kufundishwa. Niliona kwenye uso wa mhadhiri kwamba alitaka kuniamini, na kwamba hajui aanzie wapi. Akamuuliza Ticha, kwa upole uliozidi kelele, "Kwa nini ulificha kwamba huyu ni mama yako?"

Ticha akanigeukia. Jibu lilikuwa limesimama pale pale, limevaa aproni, na kila mtu jikoni aliliona.

"Tuache hilo," mhadhiri akasema. "Hata kama uliambiwa. Ulikuwa na usiku mzima. Uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa napiga pasi."

Mhadhiri hakumpa maksi. Alisema atarudia mafunzo mwakani, mahali pengine, na wenzake watatangulia. Mzee wa Slaidi alimsindikiza hadi kwenye lifti akimwonyesha njia kwa kiganja.

Mimi sikufukuzwa pia. Jiko la chai alipewa mwingine, mimi nikahamishiwa chini kufagia maegesho ya magari. Walisema ni mabadiliko ya kawaida. Walishanishauri, kwa kifupi, na kwangu hawakudai malipo.

Mdogo wangu alipiga simu. Safari hii aliomba kuongea na mimi.

"Dada, ulikuwa humo humo ndani. Ulishindwa hata kumwangalia mtoto?"

"Nilimwangalia."

"Ulimwangalia vipi hadi haya yakatokea? Nimeshaalika watu. Nguo nilizoshona nizipeleke wapi sasa?"

Nilifikiria ile picha ya sebuleni kwake. "Zitunze," nikamwambia. "Za kushoto usiziweke mbali na za kulia."

Akakata simu. Nyuma ya pazia Ticha aliangua kicheko, cha kweli, cha kwanza tangu afike. Kikaenda kikaenda, kikageuka kuwa kitu kingine. Nilimwacha amalize. Kisha nikampelekea maji.

Siku ya kuondoka ilibidi arudishe kitambulisho mapokezi. Tulitoka pamoja, mabegi yake nimeshika moja. Tulipofika kwenye kona ya duka la dawa miguu yangu ikafanya ilivyozoea: nikaanza kukata kuelekea nyuma, kwenye mapipa.

"Twende huku," akasema.

"Mlango wangu ni kule."

"Mama mkubwa, twende huku."

Tukaingia kwenye vioo. Mlinzi aliniangalia begi, akaangalia viatu vyangu vya kufagilia. "Mama, wewe si unapita nyuma?"

"Yuko na mimi," Ticha akasema. "Ni mama yangu mkubwa."

Aliyasema vizuri, kwa sauti ya kusikika. Lakini ukumbi ule ni vioo pande zote, na ndani ya kioo niliyaona macho yake yakikimbia: kwa dada wa mapokezi, kwenye lifti, kwa wale vijana wawili wa mashati ya kubana waliokuwa wanaingia. Alikuwa anahesabu nani ametuona. Akagundua namtazama humo kwenye kioo, naye akaacha.

Akavuta kamba ya kitambulisho aivue, ikanasa kwenye nywele. Akavuta tena kwa nguvu, ikazidi kunasa. Dada wa mapokezi alikuwa ameshanyoosha mkono kukipokea.

"Tulia," nikamwambia.

Nikaweka begi chini. Ticha akainamisha kichwa mbele ya watu wote wale, nami nikachambua nywele kutoka kwenye ile kamba, unywele mmoja mmoja, bila haraka. Nilipomaliza, hakuinua kichwa mara moja.